Mama mkwe kaona damu kwenye mto

Shoga, usinipigie, siwezi kuongea. Soma tu.

Nimeng'olewa lile gego la mwisho asubuhi. Nimelala sebuleni, pamba mdomoni, shavu limevimba kama puto. Mama mkwe akaingia bila hodi, akaona damu kwenye mto.

"Amekupiga?"

Nikajaribu kusema "jino". Yeye akasikia "ndiyo". NDIYO, shoga!

Palepale akampigia mume wangu kazini. "Sikukuzaa uje upige mtoto wa watu! Leo unalala polisi!" Akakata. Akanishika mkono, "Inuka, twende." Polisi kweli!

Nikatema pamba nikapiga kelele, "Jino, mama! Nimeng'olewa jino!" Damu ikachuruzika mpaka kifuani.

Akaketi.

"Hajawahi kukugusa?"

"Hajawahi, mama."

Shoga, akaanza kulia. Yule mama, ambaye hata msibani hatujawahi kumwona akitoa chozi!

Akasema, "Mimi baba yake alinipiga hivyo, mama mkwe wangu amekaa anatazama. Niliapa mke wa mwanangu hatakosa wa kumtetea."

Sasa ananikanda shavu kwa barafu, bado analia. Mume wangu anapiga simu mfululizo, na hakuna kati yetu anayeweza kupokea.