Kwa Mzee Shii, Mkutubi Tuliyemzimia Simu

Mwaka umetimia sasa, Baba, tangu ulipotuacha asubuhi ile, Mama amekushika mkono na sisi tumejipanga ukutani kama wageni. Tumechelewa kukuandikia. Kila aliyeshika kalamu aliiweka chini, maana kukusifu bila kutaja tulilokufanyia kungekuwa kukudanganya, nawe hukupenda maandishi yasiyo na ushahidi.

Ulikuwa mkutubi wa chuo kikuu tangu kabla hatujazaliwa. Wanafunzi walikuita Mzee Shii kwa kile kidole chako mdomoni, na jina likakufuata hadi sokoni. Nyumbani ulikuwa mpole kuliko jina lenyewe. Ulinyoosha kila kilichopinda: picha ukutani, ukosi wa shati la mjukuu, hata sahani ambazo Mama alikwisha kuzipanga. Aliyekunja pembe ya ukurasa ili aweke alama hukumgombeza. Ulimuuliza tu, "Na wewe nikikukunja sikio?" Hakurudia.

Kisha chuo kikabadilika. Majarida yakaanza kuingia kwa kompyuta badala ya sanduku la posta. Rafu za ukumbi wa chini zikang'olewa, zikaletwa meza za duara ili wanafunzi wajadiliane. Ulirudi nyumbani unacheka mwenyewe: "Maisha yangu yote nafukuza kelele, leo nimekabidhiwa nizisimamie!" Shangazi, dada yako mkubwa asiyeacha utani upoe, akadakia: "Sasa vitabu vimeondoka, mdogo wangu, unalinda nini? Viti?" Tulicheka mpaka machozi. Ni Mama peke yake aliyekuona ukikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Maji ulikwisha kuyavulia nguo, ukayaoga. Ulikaa mbele ya mwenzako wa kitengo cha mitandao, binti ambaye ungeweza kumzaa, akakufundisha. Ukajua kutafuta makala zilizohifadhiwa nchi za mbali, kutunza takwimu za watafiti zisipotee, kutambua majarida ya matapeli yanayochapisha chochote. Ukaanza kuingia madarasani, wewe uliyekuwa ukisubiri wanafunzi wakufuate. Walipokuletea marejeo waliyotungiwa na kompyuta, uliyakagua moja moja huku ukiwaambia: "Mashine hii ina adabu mno. Ukiiomba kitabu ambacho hakipo, inaona haya kukunyima."

Kwetu hivyo vilikuwa vichekesho vya mezani. Hatukuwahi kukuuliza kazi yenyewe siku hizi ikoje. Vichwani mwetu ulibaki mtu wa kugonga mihuri.

Halafu moyo ukaanza kukusumbua. Daktari akakuamuru kitandani, lakini maswali yakakufuata kwenye simu. Uliyajibu umelalia ubavu, miwani kwenye paji la uso. Aliyeuliza zaidi alikuwa muuguzi mmoja tuliyemjua kwa sauti tu. Alikuwa anasoma shahada ya uzamili huku akifanya zamu katika wodi ya watoto njiti, anatafuta utafiti wa namna ya kuwakinga na baridi. Ulimwita Sista. "Usiandike 'baridi' peke yake, binti yangu," tulikusikia ukimrekodia ujumbe wa sauti, "utaletewa mpaka majokofu. Andika joto la mwili, kisha mtoto njiti, kisha..." Ukakohoa, ukatafuta pumzi, ukaendelea.

Shangazi akaona imetosha. "Chuo hiki kitamla ndugu yangu mpaka mifupa," alisema jikoni, nasi tukaafiki. Kaka, kifungua mimba wako, akaingia chumbani, akaichukua simu pembeni mwa mto, akaizima, akaiweka juu ya kabati.

"Nipe, mwanangu. Kuna mtu ananisubiri."

"Baba, daktari amesema upumzike."

"Nitapumzika nikimaliza kumjibu."

"Chuo kina watu wengi. Watamjibu wao."

"Watu wapo," ulisema. "Ila huyu aliniuliza mimi."

Usidhani tunamtwisha Kaka. Sote tulikuwa mlangoni na hakuna aliyefungua kinywa. Mama alitazama sakafu.

Hukuomba tena. Presha ikashuka, daktari akafurahi, nasi tukajipongeza. Wageni waliokuja kukujulia hali tuliwaambia, "Siku hizi anapumzika vizuri." Kumbe ulikuwa umeacha tu kuzungumza. Tukiingia unageukia ukutani. Chakula unaonja kidogo kwa kutustahi. Ulipoletewa gazeti ulishukuru, ukaliweka kando bila kulifungua, wewe uliyekuwa ukisoma hata karatasi za ndani ya boksi za dawa! Tuliyaona yote hayo. Tukayaita ugonjwa. Majuma machache baadaye ukaenda zako.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wetu alikuja msibani amevaa sare ya wauguzi, katoka zamu. Alikaa karibu na Mama, akangoja watu wapungue, ndipo akauliza kwa sauti ya chini.

"Mama, samahani. Hivi nilimkosea Mzee? Aliacha kunijibu ghafla. Nikajua nimemchosha na maswali yangu, nikaona aibu kumsumbua tena. Hata masomo nimeyaweka pembeni."

Shangazi akajitia kutafuta kitu mkobani. Kaka akatoka nje. Mama ndiye aliyemshika mkono.

"Hukumkosea, mwanangu. Alitaka sana kukujibu. Sisi ndio tuliomzimia simu."

Sista hakutulaumu. Angetutukana tungepata pa kujibia. Alifuta machozi tu, akasema, "Mlikuwa mnampenda," na maneno hayo yalituchoma kuliko tusi.

Yule binti wa mitandao alipopata habari alimtafuta Sista, akamrudisha masomoni, wakaanzia pale ulipoishia. Amemaliza, Baba. Alikuja mwenyewe kutuambia, na wodini kwake wamebadili jinsi wanavyowapokea watoto usiku wa baridi. Tulimpongeza kwa furaha ya kweli. Alipoondoka, kila mtu akashika njia ya chumba chake.

Tulimwendea pia daktari. Kaka alimuuliza bila kuzunguka: "Sisi ndio tuliomuua?" Akajibu kwamba moyo wako ulikuwa umechoka, na kwamba hawezi kusema simu ingekuongezea siku wala ingekupunguzia. Tulikwenda pale tukitaka kuhukumiwa au kuachiliwa, tukarudi na mzigo uleule. Pengine siku zako hatukuzipunguza. Ila zile chache ulizobaki nazo, tulizikomba kila kitu ndani yake, tukakuachia maganda.

Watu wakikuombea upumzike kwa amani tunaitikia. Lakini neno hilo la kupumzika, Baba, linatukwama kooni.

Mwezi uliopita mgongo ulimkaza Mama, naye hataki kusikia habari ya kuacha cherehani. Kaka akainuka ili aichomoe kwenye umeme, kwa nia njema ileile. Mkono ukamsimama hewani. Tukamtazama. Akavuta kiti, akaketi karibu na Mama.

"Nikusaidie wapi?"

Mama akamsogezea kitambaa. "Shika huku," akamwambia, "lakini usivute." Wakashona pamoja mpaka gauni la mteja likaisha.

Utusamehe, Baba. Tunaokukumbuka ni mkeo, ambaye bado analala upande wake wa kitanda, sisi wanao watatu pamoja na wakwe zako, wajukuu wako, dada yako, ambaye tangu msiba ule hamtanii mtu tena kwa kazi yake, na wenzako wote wa maktaba. Tutakukumbuka daima, kwa upendo mwingi, na macho tumeyainamisha.