Kaa Lililodondoka Kwenye Kigae

Jumanne. Jua kali, na upepo tangu saa nne asubuhi.

Nisamehe, daftari langu. Tangu mahindi yakiwa mabichi sijakugusa. Mtoto anaota meno, na mimi nikikaa tu, nasinzia. Lakini kuna jambo limenikaa kifuani siku tano.

Ule moto wa Alhamisi, kando ya msitu wa mlima, niliuwasha mimi.

Sikukusudia. Kiberiti kilikuwa kimeisha, nikaenda kuomba moto kwa jirani yangu Mama Paulina, kama tunavyoombana siku zote. Makaa nikayabeba kwenye kigae, mtoto mgongoni. Upepo ukavuma, kaa moja likadondoka kwenye nyasi kavu. Nikakanyaga, nikapiga kwa kanga, nikapiga yowe. Watu wakaja na matawi mabichi, tukauzima kabla haujafika kwenye miti. Ungefika, chemchemi yetu inayotunzwa na miti hiyo ingebaki jina tu.

Balozi wa nyumba kumi akauliza nani kawasha. Wakasema, nani tena, si Mzee Safari na moshi wake wa kurina asali?

Nikanyamaza.

Siku tano mzee wa watu anateka maji peke yake, hakuna anayemwamkia.

Leo mchana Mama Paulina amekuja na kigae chake. Huku kwetu mtu hanyimwi moto, hata kama mmegombana. Nikamwamkia shikamoo, kisha nikamwambia moto sitoi.

"Marahaba. Unaninyima moto, mimi niliyekukanda ulipojifungua?"

"Kwa upepo huu, mama, hapana. Ule wa Alhamisi ulitoka kwenye kigae changu."

Akakaa kizingitini. "Najua. Nilikuona ukiondoka, halafu moshi ukafuata. Na makaa si yalikuwa ya jikoni kwangu? Na mimi niliogopa, mwanangu. Haya, funga mtoto, twende."

Tulikwenda kwa Mzee Safari, nikapiga magoti. Akasema, "Nimesikia, binti. Sasa waambie na wao."

Nimewaambia watu wote, pale chemchemini, balozi akiwepo. Hawakunizomea. Mmoja alisema hata yeye kaa liliwahi kumdondoka, akalizima, akanyamaza.

Tumekubaliana: mpaka mvua zinyeshe, moto utaombwa alfajiri kabla upepo haujaamka, na utabebwa kwenye chungu chenye kifuniko. Jumamosi tunafyeka nyasi za njiani. Mzee Safari ndiye atatuonyesha upepo unapopitia.

Ila dawa yenyewe ni viberiti, na dukani hakuna. Lori la shamba la ngano linashuka kesho, linarudi Ijumaa. Nitampa dereva barua ampelekee mume wangu, aliyeko shambani huko Basotu kwenye kombaini ya kuvunia. Atume:

fyekeo moja, letu limekatika;

debe moja lenye mfuniko, la majivu;

kanga, ile nyingine imeungua;

viberiti kumi, kila nyumba kimoja;

na cha kumi na moja, cha pili cha Mzee Safari, kutoka kwangu.