Upepo wa Wiki Ile ya Kent

Baba Imani mpendwa,

Redio imesema wiki hii yote pwani ya kusini mashariki ya Uingereza itapigwa na upepo mkali, na baridi itazidi ile tuliyoizoea mwishoni mwa Novemba. Hata huku Barking, mashariki mwa London, dirisha langu halijatulia tangu Jumatatu. Mapipa ya taka ya mtaa mzima yameanguka barabarani na hakuna anayejisumbua kuyainua. Nimerudi kazini, sijavua hata koti, nimekaa kitandani nakuandikia.

Simu zangu hupokei. Ujumbe wangu unausoma, naona alama zake, halafu kimya. Kwa hiyo nimeamua kuandika barua ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma, maana jambo ninalotaka kukuambia nimelificha muda mrefu mno.

Unaikumbuka wiki yetu ya Kent, kule pwani? Ilikuwa Novemba ya mwaka juzi, miezi minane baada ya kumzika mtoto wetu. Wewe ulikuwa ghalani kule Hayes, unapanga mizigo ya ndege. Mimi nilikuwa nazunguka nyumba za wazee, nawaogesha, nawavalisha, nawapa chai. Tuliishi chumba kimoja kama wapangaji wawili wasiojuana. Ukiingia natoka, nikiingia unatoka. Ndipo mwenzako wa kazini akakuambia ndugu yake ana karavani pwani, kile kinyumba cha magurudumu cha kupumzikia, msimu umekwisha, halina mtu, mnaweza kukaa wiki nzima. Ulinifuata jikoni ukasema, "Mama Imani, twende tukapumzike. Tukiendelea hivi tutakufa." Nilikubali kwa sababu sikuwa na nguvu ya kukataa.

Mzee aliyetukabidhi funguo alitutazama kwa huruma. Alisema ameishi pale miaka mingi na hajaona Novemba yenye baridi ya namna ile. Ukanigeukia ukasema kwa Kiswahili, "Huyu hajui kwamba mimi nimekulia chini ya mlima wenye barafu." Nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu Machi. Nikakujibu kwamba mlima wako hauna bahari, ngoja uone. Uliiogopa sana bahari, wewe mtu wa Moshi, na siku zote ulinitania kwamba sisi watu wa Tanga tuna magamba.

Siku mbili za kwanza hatukutoka. Upepo ulikuja moja kwa moja kutoka baharini ukawa unalipiga karavani ubavuni, sakafu inatikisika, vikombe vinagongana kabatini. Tulijifunika blanketi moja na kanga zangu mbili juu yake. Ulikuwa umebeba unga na dagaa kutoka London, eti huamini kama pwani ya Wazungu ina chakula. Ulisonga ugali kwenye lile jiko dogo la gesi huku umeshikilia sufuria isiruke. Tulicheza karata, ukawa unaiba waziwazi ili nikukamate, na nilikukamata. Jumanne mchana ulilala kichwa chako kikiwa mapajani mwangu, nikakutazama unavyopumua, nikawaza kwamba labda tutapona. Kweli niliwaza hivyo.

Jumatano gesi iliisha. Ulitoka kwenda kubadilisha mtungi nyuma ya karavani, dakika kumi tu, ukarudi vidole vimekufa ganzi, huwezi kushika hata zipu ya koti. Nilichukua mikono yako nikaiweka kwapani mwangu. Tulisimama hivyo, uso kwa uso, na hapo ndipo ulipolia. Msibani hukulia. Ulishughulika na karatasi, na viti, na watu wa kupokea stesheni. Siku ile ulilia, tukaketi sakafuni, ukasema:

"Mimi ndiye niliyesema ni mafua."

"Nyamaza, Baba Imani."

"Ulipiga simu saa sita ukaniuliza anaendeleaje. Nikakuambia ni mafua tu, amelala, usirudi, malizia kazi yako. Ungerudi wewe ungejua. Mimi nilikuwa nimetoka shifti, nina usingizi. Nilitaka yawe mafua ili nilale."

Kisha ukanitazama, ukisubiri. Ulihitaji neno moja tu kutoka kwangu. Nami nikasema, "Ngoja nichemshe maji." Nikainuka kutoka sakafuni nikakuacha pale, nikajaza birika, nikakupa mgongo mpaka maji yalipochemka.

Ijumaa upepo ulipungua kidogo, ukaniomba twende tukaione bahari kabla hatujaondoka. Tulipanda ule ukuta wa zege unaozuia bahari. Maji yalikuwa ya kijivu, mawimbi yanaruka juu ya ukuta na kutupa kokoto njiani. Hapakuwa na mtu ila mama mmoja na mbwa wake, naye aligeuka akarudi. Ulinishika mkono, wewe uliyeogopa bahari, ukasimama pale pembeni kabisa ukapaza sauti: "Unanilaumu?"

Nilikusikia. Nilikusikia vizuri. Nikagusa sikio na kutikisa kichwa, kana kwamba upepo umelichukua neno. Ukasogea, mdomo wako karibu na shavu langu, ukauliza tena taratibu, "Mama Imani, unanilaumu?"

Nikasema, "Baridi imezidi. Turudi."

Uliniachia mkono. Hukuuliza tena hadi leo.

Februari ukaondoka. Ulisema unakwenda kumwona mama yako wiki tatu, nikakusindikiza uwanja wa ndege, nikakufunga skafu shingoni kama mke, na wote wawili tulijua kwamba hurudi. Sikuweza kukufuata. Kaburi liko huku. Kile chumba cha Hayes nilikiacha, nikahamia Barking niwe karibu naye. Kila Jumapili naenda, naokota majani, nafuta jiwe. Watu huniuliza nakaaje nchi hii peke yangu, bila mtoto, bila mume. Nchi gani? Mimi hapa nina kipande cha ardhi chenye urefu wa mtoto wa miaka minne, basi.

Juzi wifi Neema alinipigia. Dada yako hakuwahi kunipigia tangu uondoke, nikajua kuna jambo. Hata salamu hakumaliza.

"Wifi, kaka hali chakula. Amekonda nguo zinamvuka. Anakaa uani siku nzima peke yake. Mama akimbembeleza ale anamwambia, muuaji hali na watu. Jana amesema mbele ya wanangu kwamba alimuua mtoto wake. Ni kweli? Niambie wewe uliyekuwepo."

Nilimwambia nitampigia baadaye, nikakata simu. Mara ya tatu hiyo nakwepa kujibu. Nikakaa na ile simu mkononi mpaka ikazima yenyewe.

Basi nisikilize sasa.

Asubuhi ile, kabla hujafika kutoka kazini, nilikuwa namvalisha Imani soksi. Unajua alivyokuwa, anaelewa Kiswahili chote lakini anatujibu kwa Kiingereza, na ukimlazimisha anacheka na kukimbia. Asubuhi ile alisema kwa Kiswahili. Alisema, "Mama, miguu inauma." Nikamshika. Miguu ilikuwa ya baridi kama imetoka kwenye maji, mikono vilevile, na kifua kinawaka moto. Nilijua kwamba si jambo la kungoja. Kazini walikuwa wametufundisha: homa kali, miguu na mikono ya baridi, miguu inauma, piga simu hospitali papo hapo. Nilikaa darasani, nikafanya jaribio lake, nikafaulu.

Lakini kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa ananisubiri, hawezi kushuka kitandani bila mimi, na wiki ile nilikuwa nimechelewa mara mbili, msimamizi ameshanipa onyo. Nikajiambia labda nimeogopa bure. Nikajiambia baba yake yuko njiani. Nikamfunika Imani blanketi mbili. Ulipoingia ulinikuta mlangoni nimeshika mkoba, macho yako mekundu kwa uchovu, nikakuambia, "Ana mafua kidogo, mwache alale."

Mafua niliyasema mimi, Baba Imani. Wewe ulinirudishia tu neno langu saa sita mchana. Ulimlinda mtoto kwa yale uliyoambiwa, na mimi nilikuambia uongo. Kuhusu miguu sikukutajia. Hata hospitali, walipotuambia ni homa ya uti wa mgongo na daktari akauliza kama kulikuwa na dalili yoyote tangu asubuhi, wewe uliinamisha kichwa, mimi nikajibu hapana. Nilijibu haraka.

Sasa unajua kwa nini nilikwenda kuchemsha maji. Ningekuambia sikulaumu, ungeuliza tumlaumu nani, na jibu lilikuwa limesimama mbele yako limeshika birika. Nilikuacha ubebe mzigo wangu kwa sababu ulikuwa umeshauinua mwenyewe. Ulipokuwa unalia nilikuonea huruma, kweli, lakini chini ya ile huruma kulikuwa na nafuu. Hiyo nafuu ndiyo inayonitisha kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona moyoni mwangu.

Sikuombi msamaha. Ukiupata moyoni ubaki nao, sijui ningeufanyia nini. Wala sikuombi urudi. Watu wa kanisani wananiambia muda utaponya, nawaitikia amina, lakini siku zinapita na mimi niko palepale, nimeshika soksi. Naenda kazini kwa sababu wazee wanasubiri. Nikirudi nalala kwa sababu hakuna lingine. Sijui mtu anaishi vipi akishayasema haya, na sijui aliishije asipoyasema.

Barua hii nimemtumia wifi. Nimemwomba akusomee kwa sauti, mama yako akiwepo, na wale watoto waliokusikia ukijiita muuaji nao wawepo, wasikie kwamba mjomba wao hakumuua mtu. Usimkatize. Akimaliza, ukitaka kunichukia, nichukie, ni haki yako, huenda hata ikakupa nguvu. Ila usirudi uani. Nawa mikono, ukae na mama yako, ule.

Kwaheri, mume wangu.

Mama Imani