Barua Iliyoleta Mota

Jumanne, jioni

Mota imekuja. Imeletwa hapa nyumbani na mwenye duka mwenyewe, yule ambaye nilishuka sokoni Sosiot mara tatu kumpigia kelele mpaka watu wakajaa mlangoni, naye akaendelea kula chapati yake.

Mashine aliyoniuzia ya kukatia ng'ombe majani ya nepia ilikufa mota wiki ya pili. Tangu hapo nakata kwa panga mpaka bega linakataa, na maziwa yamepungua nusu. Nusu! Na karo ya binti yangu Chebet inatoka hapo.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa ya adabu, kama tulivyozoea huku: salamu, mvua, watoto wake, Mungu. Mashine ilitokea ukurasa wa tatu. Chebet alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama, unalalamika ama unaposa bibi kwao?"

Nikafuta yote. Nikaandika tu siku niliyonunua, kilichoharibika, nakala ya risiti, na kwamba nataka mota mpya kabla ya Ijumaa, la sivyo malalamiko yangu yataenda serikalini. Bila tusi hata moja. Nilidhani ataifanya karatasi ya kufungia misumari dukani.

Leo amevua kofia mlangoni. "Mama, uliandikiwa na wakili?"

"Ni mimi."

Akafunga mota mwenyewe, akaiwasha, nepia ikaanza kuruka.

Bado nashangaa. Miaka yote nimeishi kwa sauti yangu, kumbe mistari sita iliyotulia inaweza kumpandisha mtu mzima mlima huu akiwa na spana mkononi.