Waranti ya Kariuki wa Mwangi

Jumatatu, 1 Machi 1954
Waranti sita kabla ya saa nne. Taipu inakwama kwenye R, nimeizaba kofi. Hakimu anaondoka kesho kwenda Subukia, basi kila kitu leo, leo, leo. Ya mwisho ya Kariuki wa Mwangi, kiwanda cha mbao, Elburgon. Wizi wa misumeno. Mahali pa nambari ya kipande, kitambulisho chake, nimeacha wazi. Polisi hawakuileta, nami sikuuliza. Hakimu akatia sahihi bila kuinua macho.

Jumatano, 3 Machi
Kariuki ameletwa. Yuko selo.

Alhamisi, 4 Machi
Mkewe, Wanjiru, amekuja kortini na mtoto mgongoni. Anasema mwizi ni ndugu wa mumewe, wa mama mwingine, katoroka wiki jana. Naye pia ni Kariuki wa Mwangi.

Nikamwambia, mama, usinichezee. Baba mmoja awape wanawe wawili jina moja? Akanitazama kama mtu punguani. Kwao mtoto wa kwanza wa kiume wa kila mke huitwa jina la babu. Wake wawili, Kariuki wawili. Karani Mkikuyu wa meza ya pili angalijua, lakini walimwondoa mwaka jana kwa sababu ya hali ya hatari. Miaka tisa nachapa majina ya watu, sijui hata wanavyopewa. Aibu tupu.

Nimekwenda polisi. Inspekta kasema jina ni lake, sahihi ipo, nirudi kazini.

Ijumaa, 5 Machi
Nimeswali, akili iko selo. Nikimwambia hakimu, kazi imekwenda, na nyumba ni ya serikali. Watoto watatu. Nikinyamaza, mtu atafungwa kwa uvivu wangu. Naogopa. Naandika hivyo hivyo: naogopa.

Jumatatu, 8 Machi
Hakimu amerudi. Nimemwambia kabla hajavua kofia. Kanifokea hadi masikio yakawaka, kanipa onyo la maandishi. Kisha Kariuki akaitwa na kipande chake, na msimamizi wa kiwanda akasema huyu ni seremala, siye. Waranti ikafutwa. Kariuki akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Alhamdulillahi. Nilitaka kulia.

Hakufika langoni. Inspekta alikuwa kwenye ngazi na askari wawili. Safari hii bila karatasi. Hali ya hatari, shuku yatosha: ni ndugu wa mtoro. Pingu, lori, kwisha. Nikamkimbilia hakimu. Alikuwa dirishani, ameona yote. Akasema hilo si letu.

Nimemchukia. Nimejichukia na mimi.

Alhamisi, 11 Machi
Wanjiru amekuja tena. Anauliza mumewe yuko wapi na kesi ni lini. Nilijua hakuna kesi, lakini nikafungua rejista, nikapitisha kidole ukurasa mzima mbele yake, pole pole. Jina halimo. Safari hii hakuna waranti, hakuna la kusahihisha.

Akasema asante, mzee. Akakaa kwenye benchi, akamnyonyesha mtoto, mpaka tulipofunga.