Kiti Kimoja cha Mbele, Nairobi Mpaka Dar

Jumatatu, mchana. Chang'ombe.

Mvua ya leo haijielewi. Inanyesha, inakata, jua linachungulia, halafu inarudi tena. Gereji nimefunga mlango nusu. Ndani kuna gari moja linasubiri gasketi, na mie nimekaa kwenye kiti chake cha mbele naandika kwa simu.

Kiti cha mbele. Hata neno lenyewe siku hizi linanichoma.

Mnaonisoma siku zote mnanijua. Mie darasa la saba, lakini la saba la zamani, ambalo kwa sasa ni sawa na chuo. Injini naitegea sikio tu, nakwambia inaumwa nini kabla hujafungua boneti. Nimesimulia mengi humu na sijawahi kukosa la kusema. Leo nimekosa. Jioni hii binti yangu Zuhura atapiga simu kutoka Ushelisheli, anakofanya kazi jikoni kwenye hoteli, aulize safari yetu ya kurudi ilikuwaje. Na mie sijui nimwambie nani alikaa mbele.

Ngoja nianze vizuri.

Zuhura alitualika mie na mama yake tukapumzike kisiwani wiki nzima. Kisiwa kile, jamani, maji yake unasimama mpaka kifuani na bado unahesabu kucha za miguu. Kuna kobe wakubwa kama boneti ya lori. Mmoja alikuwa ananifuata kila asubuhi, mpaka mtunzaji wake akaniuliza kama tunafahamiana. Mama Zuhura yeye alikaa tu kivulini anakanda goti. Nikimwambia twende tukatembee, ananijibu, "Nenda wewe, utanisimulia."

Kurudi tulishuka Nairobi kusubiri ndege ya pili ya kuja Dar. Pale kaunta dada mmoja akaangalia karatasi zetu, akaangalia kompyuta, akatuangalia sie.

"Mzee, huku nyuma tumejaa, imebaki moja. Iko kiti moja tu mbele, bizinesi. Nani aende, wewe ama mama?"

Sasa hapo ndipo penyewe. Kwetu mtu akikaribishwa kitu kikubwa harukii. Unakataa kwanza. Mwenyeji anakubembeleza, unakataa tena kidogo, halafu unakubali kama umeonewa. Hata sahani ya pilau inapokelewa hivyo. Basi nikacheka kidogo, nikamwambia:

"Binti yangu, mie huko mbele nimekaa mpaka nimechoka. Mpe mama."

Si mnakumbuka ile safari ya Maskati, ya kabla sijaoa? Tajiri mmoja gari lake liliwashinda mafundi wote wa kule, akanitumia tiketi, na rubani akatoka kuja kunisalimia kitini. Sehemu kubwa ya kisa kile ni kweli. Tajiri yupo, gari lipo, na nililitengeneza kwa mikono hii, ingawa lilikuja lenyewe Dar kwa meli.

Nikasubiri kubembelezwa.

Yule dada akasema, "Haina shida, mzee," akaanza kubonyeza. Kule watu wana haraka. Nikamgeukia Mama Zuhura, maana yeye ni wa kwetu, anajua zamu yake. Alitakiwa aseme, "Aa, nenda wewe Baba Zuhura, mie naweza wapi." Mwanamke huyu tangu nimuoe hajaonja firigisi ya kuku. Zote huwa ananiwekea mie.

Akasema, "Ahsante mwanangu." Akapokea karatasi.

Basi.

Karatasi ile ilikuwa na chumba chake cha kupumzikia, cha watu wa mbele. Mlangoni nikaambiwa mzee wewe subiri kule. Nikakaa kwenye viti vya chuma, mifuko yote mapajani, pamoja na ule wa samaki wakavu aliotupa Zuhura. Nikawa natazama mlango wa kioo. Nikasema moyoni, atatoka sasa hivi, atasema ndani baridi kali, tubadilishane.

Alitoka kweli. Anachechemea, mkononi ana kitambaa cheupe kimefungwa fundo. Ndani yake mkate mdogo wa duara na kipande cha jibini.

"Kula, hujala wewe."

Akarudi ndani.

Nilikula. Mkate ulikuwa bado wa moto. Mie ni mtu wa kumaliza ugali wa watu wawili nimesimama, lakini mkate mdogo vile niliumega kidogokidogo mpaka ukapoa.

Kuingia ndegeni, sie wa nyuma tunapitia palepale mbele. Nikamkuta kishaketi kwenye kiti kama kochi la bwana harusi, miguu kainyoosha, macho kafumba. Walikuwa wamempa kataulo ka moto ka kufutia uso, yeye kakaweka kwenye goti. Nikapiga picha ya kiti na dirisha harakaharaka, watu wananisukuma mgongoni, nikaenda zangu kukaa karibu na choo.

Picha ile niliituma kwenye kundi letu la mafundi kabla ndege haijaruka. Niliandika neno moja, "Safarini." Sikuandika nani kakaa. Mtu akielewa anavyoelewa, hayo ni yake.

Jana baada ya alasiri majirani wakaja kutupa pole ya safari. Alikuja Mama Neema wa nyumba ya pili, na Athumani fundi rangi, ambaye gereji zetu zinagusana ukuta na kazi yake ya pili ni kunipinga mie. Nikaanza kusimulia. Kiti, chakula, vijiko vizito. Mie nikishaanza huwa sina breki. Nilikuwa nimefika pale ambapo rubani ananiomba nisikilize injini ya kulia, Athumani akatoa simu yake, akaivuta ile picha kwa vidole mpaka pembeni.

"Samahani braza. Hili goti la nani?"

"Goti gani?"

"Hili hapa, lenye dera la maua ya njano. Au huko mbele wanawagawia na madera?"

Mama Neema akajifanya anakohoa.

Nikaichukua simu niitazame karibu. Dera lenyewe lilikuwa limeanikwa kambani uani, na kutoka alipokaa Athumani lilikuwa linaonekana.

Mama Zuhura alikuwa anamimina chai. Hata uso hakuinua.

"Shemeji Athumani, goti hilo ni langu. Mie nilikuwa nyuma, nikaenda kumjulia hali. Akaninyanyukia nikae kidogo ninyooshe mguu. Halafu wakati tunasubiri Nairobi, kwenye kile chumba chao, alinitolea mkate kwenye kitambaa. Wa moto. Akaniletea mpaka nilipokaa na mifuko." Akaweka birika chini. "Sukari hiyo hapo."

Athumani akaweka simu mfukoni.

"Sasa braza, hilo la mkate mbona hukulisema?"

Safari hii hakuwa ananitania. Nimemsimulia Athumani mambo makubwa, nimemsimulia Maskati mara ngapi sijui, hajawahi kuniangalia vile. Mama Neema akasema wanaume wa aina hiyo wamebaki wachache sana mjini hapa. Nikanywa chai, ikaniunguza ulimi.

Walipoondoka nikamfuata uani, anaosha vikombe. Nikamuuliza kwa nini amesema vile. Akasema, "Ulitaka niseme vipi?" Nikaona nimuulize lile lenyewe lililonikaa kooni toka Nairobi. Mbona hukunibembeleza hata mara moja?

Akasuuza kikombe, akakipindua.

"Si ulisema huko mbele umekaa mpaka umechoka," akasema. "Nikakuamini."

Nikamtazama nione kama anacheka. Hakuwa anacheka. Wala siwezi kuapa kwamba hakuwa anacheka.

Hapo ndipo nilipokwama mpaka saa hizi. Kama aliniamini kweli, basi miaka yote hii mke wangu anaamini Maskati, na rubani, na kobe, na mie ndiye niliyemfanya aone kiti kile hakina thamani kwangu. Lakini ataniaminije, wakati kwenye ndege ya kwenda ni yeye aliyenifunga mkanda, mie nabaki kusema ule wa Maskati ulikuwa wa vifungo? Na kama hakuniamini, basi alikaa mbele kwa kujua, akala kwa kujua, halafu jana mbele za watu akachukua mkate wake akaniwekea mie mkononi.

Lipi zito kati ya hayo? Sijui. Injini ningeshaisikia.

Asubuhi nilimuuliza mke wangu, Zuhura tumwambieje. Akasema, "Mwanao huyo. Msimulie unavyopenda." Akaenda dukani kwa mguu mmoja wa kuburuta. Ndipo nikakumbuka kwamba kisiwani wiki nzima nilimuuliza kila siku kama anataka kutembea, na sikumuuliza hata siku moja kama anaweza.

Mvua imekata tena. Mwenye gari hili leo hatakuja.

Nafunga mapema. Nitachemsha maji, nitachukua taulo dogo, nitamkanda lile goti kabla simu haijalia. Zuhura akipiga nitampa mama yake aongee, aeleze huko mbele kukoje, maana mie mwenyewe sijui, na kila nilichowaambia majirani jana nilikitunga. Sijui atasimulia hadithi ipi, ya Nairobi au ya jana.

Najua atakataa, ya maji na ya simu pia. Nitambembeleza.