Mnyororo kwenye Geti la Orrin

Chuoni, 14 Septemba 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Masikio yanaendeleaje? Jumapili nilikupigia ukaitikia "Alo! Alo!" kisha ukakata. Nimekubali yaishe: bunduki na trekta zimeshayala masikio yako, turudi kwenye barua.

Mimi mzima. Chakula kipo tele, ila nyama yao ingemliza jirani yetu Mzee Orrin. Unauliza kama nimechukua kibali nibebe ile bastola yako. Bado. Tangu sheria mpya ianze, wenye vibali wanaingia nazo darasani zimefichwa kiunoni, na huwezi kujua jirani yako kabeba nini.

Tuna somo la kujenga hoja. Mwalimu anapitisha kofia yenye vikaratasi, unachota upande wako, upende usipende. Mada ya kwanza ilikuwa wanyama walio hatarini kutoweka, ya pili itakuwa bunduki vyuoni. Sasa cheka: nilichota upande wa kumtetea dubu! Mimi, binti wa mfuga ng'ombe wa Wyoming! Upande wetu wafugaji alichota Tobin, kijana wa mjini ambaye dubu amemwona kwenye chapa ya chupa ya asali tu.

Nilimshinda, Baba. Darasa lilinyamaza kimya, halafu makofi.

Msalimie Mzee Orrin.

Mwanao,
Rae


Nyumbani, 5 Oktoba 2025

Binti yangu Rae,

Salamu nyingi. Mimi sijambo kwa mwili. Nyasi zimekauka vizuri, ng'ombe wamenona.

Jumanne walikuja watu wa serikali, wanne, na masepetu. Hawakuuliza njia. Walikwenda moja kwa moja hadi kwenye ule msonobari uliopigwa na radi, wakachimba, wakamtoa yule dubu niliyemuua mwezi wa tano kwa kunilia ndama. Kesi yangu ni Januari.

Unajua desturi yetu huku mtu akimuua dubu anayelindwa na serikali: piga, fukia, nyamaza. Mimi nilipiga. Orrin akafukia kwa katapila lake. Wewe ulikuwa umesimama pale. Wewe ni damu yangu. Sasa amebaki nani?

Nikamfuata kwenye geti la mpakani. Nikamwambia, "Orrin, umenisemea."

Akanitazama weee. Akauliza, "Walikwambia wamesikia wapi?"

"Hawakusema."

Akavua kofia, akaivaa tena. "Basi kama ni mimi, ni mimi, Wendell."

Hata hakukana! Miaka thelathini tumezalisha ng'ombe pamoja kwenye theluji, yeye ndiye aliyekubeba kanisani ukibatizwa. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa na bunduki mkononi. Sikumwelekezea, lakini wala sikuiweka chini. Geti nimelifunga kwa mnyororo na kufuli.

Soma kwa bidii.

Baba yako


Chuoni, 12 Oktoba 2025

Baba,

Shikamoo. Pole sana. Nimeisoma barua yako.

Labda si yeye. Watu wanasikia mambo kwa njia nyingi. Tafadhali usiende getini na bunduki tena.

Nina mtihani kesho, nitakuandikia zaidi.

Rae


Nyumbani, 26 Oktoba 2025

Rae,

Hujambo? Barua yako ilikuwa fupi kama risiti ya dukani. Ulikuwa unaumwa?

Nimewashusha ng'ombe mlimani peke yangu. Unajua kazi ile ni ya wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Farasi aliteleza kwenye barafu, akaniangusha, kifundo cha mguu kimevimba. Nilipoinua kichwa nilimwona Orrin ng'ambo ya uzio, farasi wake ametandikwa tayari, amekaa juu yake ananitazama. Alikuwa anangoja nimwite. Sikumwita. Ng'ombe kumi na mmoja wamebaki huko juu, na theluji imeshafunga njia.

Unasema labda si yeye. Kwa nini unasema hivyo?

Na ile mada ya bunduki, ulichota upande gani?

Baba yako


Chuoni, 2 Novemba 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Naomba uketi kwanza, mguu uupumzishe.

Nilichota upande wa kutetea bunduki. Niliona rahisi, hoja zote nimezisikia mezani kwetu. Nikasimama nikasema, "Watu wenye silaha huheshimiana." Hapo hapo nikakuona wewe getini na bunduki yako, na Mzee Orrin anavua kofia. Sikuweza kuendelea. Nikakaa. Tobin maskini alidhani hoja zake ndizo zilizonimaliza.

Ni mimi, Baba.

Siku ile ya dubu nilikuwa nashindwa. Tobin alikuwa na takwimu, mimi nilikuwa na huruma tupu. Basi nikasimulia. Sikutaja jina lako, nilisema "baba yangu". Nilisema juu ya msonobari wa radi kwa sababu ulipendeza kwenye sentensi. Nikasema ulipomgeuza ukaona chuchu zina maziwa, ukajua kuna watoto mahali fulani wanamngoja, na ukakaa chini juu ya ndoo ukaficha uso. Hapo ndipo darasa liliponyamaza. Msichana mmoja alitoka nje kabla makofi hayajaisha. Nilidhani anakwenda kulia.

Na makofi yale niliyapenda. Nisikufiche hata hilo.

Barua yako ya kwanza niliisoma bafuni, mlango nimeufunga. Tulikuwa watatu pale, Baba. Mzee Orrin akikana, ninabaki mimi. Ndiyo maana hakukana. Alijua palepale getini, akakubali umchukie. Mimi nikajua anachofanya, nikaandika "labda si yeye", nikaenda kulala. Sasa wewe umevimba mguu, ng'ombe wanakufa mlimani, na Mzee Orrin, aliyezoea meza yetu, anakula peke yake.

Aliye nguoni mwako ni mimi. Niite jina lolote, lakini nijibu.

Mwanao, kama bado,
Rae


Nyumbani, 20 Novemba 2025

Binti yangu Rae,

Salamu. Mguu umepona. Ng'ombe watatu wamerudi wenyewe, mifupa mitupu. Wengine sitawaona tena.

Umengoja jibu ukadhani nina hasira. Ni aibu. Mara nne nimeanza barua hii na mara nne nimeitupa kwenye jiko.

Siku ile walipofukua, afisa mmoja alinisomea maelezo waliyopewa. Alisoma kwa sauti kubwa kwa ajili ya masikio yangu. "Akakaa chini juu ya ndoo akaficha uso." Rae, Orrin alikuwa juu ya katapila amenipa mgongo, injini inanguruma. Hakuiona ile ndoo. Aliyeiona ni mtu mmoja tu duniani.

Kwa hiyo nilijua. Kabla sijafika getini, nilijua. Orrin aliponiuliza wamesikia wapi, nikamdanganya, maana ningesema kweli ningekutaja. Nilitaka mtu wa kumchukia, na wewe sikuweza. Yeye akanisoma usoni na kukubali, na mimi nikamwacha akubali. Halafu nikakuandikia "hata hakukana", nikaona mkono wangu unaandika uongo na sikuuzuia. Nilisema moyoni, Rae akikiri mwenyewe nitamwambia kuwa nilijua, asipokiri litazikwa. Piga, fukia, nyamaza. Ndilo nililokufundisha, kisha nashangaa ulinyamaza.

Kuhusu yule dubu, ulisema kweli. Bado namwona.

Tangu nipate barua yako nimekwenda mpakani mara mbili. Nimefika kwenye mnyororo, nikasimama, nikarudi. Hakuna hoja ninayoweza kumjengea Orrin, na wewe usinitengenezee.

Alhamisi ijayo ni Sikukuu ya Shukrani. Usipitie nyumbani, njoo moja kwa moja getini, nitakuwa pale na nyama ya kuoka, tuvuke pamoja hadi kwa Orrin. Ufunguo wa kufuli ndio huo ndani ya bahasha. Kufungua kwako, kusema kwangu, halafu kusema kwako.

Bunduki nitaiacha nyumbani.

Baba yako